Msomaji Auliza: Nitafanya Nini Katika Ufuo wa Wales?

Mwezi huu tumepokea barua tatu, kutoka Kisumu, Nakuru na Kakamega, ambazo zote zinahusu miji ya mapumziko ya ufuoni kule Wales. Tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la moja linasaidia kujibu nyingine.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu ninayeishi Kisumu. Binti yangu ni muuguzi katika mji wa Wrexham, kaskazini mwa Wales, na amenialika nikae naye mwezi wa Agosti. Ameniambia atanipeleka Llandudno, mji wa mapumziko ulio kando ya bahari, tulale huko siku mbili. Nimezaliwa na kukulia karibu na Ziwa Victoria, na hata Mombasa sijawahi kufika. Magoti yangu hayana nguvu tena, kuogelea sijui, na baridi sipatani nayo. Mtu kama mimi atafanya nini huko, na nijihadhari na mambo gani? – *Mwalimu Mstaafu, Kisumu*

JIBU: Mwalimu, uliyezoea Dunga unajua kwamba mvuvi akiuacha mtumbwi ukingoni jioni ataukuta papo hapo asubuhi, kwa kuwa maji ya ziwa hayapwi wala hayajai kiasi cha mtu kutambua kwa siku moja. Llandudno ni mambo mengine. Huko maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa karibu saa 25, kila siku yakichelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji yakiwa juu na yakiwa chini hufika kama mita 7, ilhali Mombasa, hata katika bamvua kubwa, ni kama mita 4. Sababu yake ni kwamba Bahari ya Ireland ni nyembamba na haina kina kirefu, hivyo maji yanayosukumwa kutoka Atlantiki yakiingia humo hubanwa na kupanda.

Kwa hiyo ufuo unaoulizia una sura mbili, na watu wawili waliofika siku moja kwa saa tofauti wanaweza kubishana hadi jioni juu ya walichokiona. Upande wa kaskazini, ambao ndio ufuo mkuu wa mji, maji yakijaa hubaki ukanda wa mawe tu, mengine laini ya mviringo na mengine yenye kingo kali, kwa sababu mwaka 2014 baraza la eneo hilo liliongeza mawe ya machimbo ili kuukinga mji na mawimbi, jambo ambalo wakaazi wengi walilinung'unikia. Maji yakipwa, mchanga hujitokeza chini ya mawe hayo, watoto wakateremka na ndoo zao, na mtu akaweza kutembea mbali bila kulowesha viatu. Kabla binti yako hajatazama ratiba ya treni, mwombe atazame jedwali la maji la siku hiyo, ambalo hupatikana bure kwenye intaneti. Chagueni siku ambayo maji yatakuwa chini mchana.

Sasa, kuhusu utakachofanya, nina habari njema kwako usiyejua kuogelea: mji huu ulijengwa kwa ajili ya watembeao kando ya bahari kuliko waingiao ndani yake. Hadi katikati ya karne ya 19 mahali hapo palikuwa na wachimbaji wa shaba, wavuvi na wakulima wadogo walioishi kwenye miteremko ya mlima wa mawe uitwao Great Orme, huku bonde la chini likiwa kinamasi. Mwaka 1848 mpimaji na msanifu kutoka Liverpool, Owen Williams, alimpelekea Bwana Mostyn, mwenye ardhi hiyo, mpango wa kukikausha kinamasi na kujenga mji wa mapumziko. Reli ilifika mwaka 1858, nao wageni wakaanza kumiminika kutoka miji ya viwanda ya kaskazini mwa Uingereza, wakiwa wameambiwa na madaktari wao kwamba hewa na maji ya bahari ni dawa.

Hao walioingia baharini waliingia kwa namna ambayo ingekuchekesha. Mwanamke alipanda kibanda cha mbao chenye magurudumu akiwa na nguo zake zote, akabadilisha ndani mlango ukiwa umefungwa, farasi akakivuta kibanda hadi majini, kisha akashuka ngazi upande wa pili ambako wa ufuoni hawakuweza kumwona. Alichovya mwili, akarudi. Baada ya hapo siku nzima ilikuwa ya kutembea, kuketi, kutazama na kutazamwa. Ndiyo maana sehemu bora ya Llandudno, kwa maoni yangu, ni ile barabara pana ya waenda kwa miguu inayofuata mkunjo wa ghuba kwa karibu kilomita 3, kutoka Great Orme wenye urefu wa mita 207 upande mmoja hadi Little Orme wenye mita 141 upande wa pili. Ni tambarare kabisa. Upande wa nchi kavu kuna safu ya hoteli na nyumba za wageni zilizopakwa rangi nyeupe, krimu na waridi, zote za kimo kinachokaribiana, na upande wa bahari kuna mabenchi mengi. Magoti yako hayatakuwa na malalamiko.

Mwisho wa barabara hiyo, chini ya Great Orme, ndipo lilipo gati. La kwanza, la mwaka 1858, liliharibiwa na dhoruba kubwa ya mwaka uliofuata. Lililopo sasa lilifunguliwa mwaka 1877, lina urefu wa mita 700, na hakuna refu kuliko hilo katika Wales yote. Zamani meli za abiria kutoka Liverpool zilitia nanga kwenye ncha yake. Siku hizi ni mahali pa kutembea juu ya bahari bila kupanda chombo chochote. Vaa viatu bapa, Mwalimu, maana sakafu ni ya mbao zenye nafasi kati yake. Chini ya nyayo zako utaona maji ya kijani yakipiga nguzo za chuma zilizojaa kome, na kisigino chembamba huzama katika nafasi hizo. Pande zote mbili kuna vibanda vinavyouza aiskrimu na peremende ngumu za fimbo ambazo jina la mji limeandikwa ndani yake tangu mwanzo hadi mwisho, hata ukiivunja katikati unalisoma. Kuna pia kumbi za mashine ambamo mtu huingiza sarafu ya peni 2 akitumaini itasukuma nyingine zianguke. Sarafu zinazoning'inia ukingoni hukaa hapo zikimtania kila apitaye. Mwekee binti yako kiwango cha sarafu atakazopoteza, na wewe mwenyewe ujiwekee.

Usiache kupanda Great Orme, kwa kuwa hutahitaji kupanda kwa miguu. Reli iliyotoka Mombasa ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, na miezi michache baadaye, tarehe 31 Julai 1902, Llandudno nao walizindua tramu yao, ambayo inafanya kazi mpaka leo. Haina injini ndani yake: behewa moja likipanda jingine linateremka, yote mawili yakiwa yamefungwa kwenye kebo ya chuma inayovutwa na mashine iliyoko katikati ya njia, na hapo abiria hubadilisha gari. Hupita barabarani kati ya nyumba za watu, mteremko ukiwa mkali kiasi kwamba milango ya nyumba huonekana kama imeinama. Huendeshwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Oktoba. Kuna pia vibanda vinavyopanda kwa waya tangu mwaka 1969, ila upepo ukizidi husimamishwa, na huko upepo ni mwenyeji.

Juu utakutana na mbuzi wa asili ya Kashmir, wenye manyoya meupe marefu na pembe zilizopinda nyuma, wasiofugwa na mtu. Hao ndio walioteremka mjini mwezi wa Machi 2020, watu walipokuwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, wakala maua na nyua za miti za wenyewe bila wa kuwafukuza. Njiani kuna machimbo ya shaba ya karibu miaka 4,000 iliyopita, yaliyogunduliwa mwaka 1987, ambamo watu walichimba kwa mifupa ya wanyama na nyundo za mawe. Kuna vichochoro na ngazi, kwa hiyo mwachie binti yako aingie nawe umsubiri nje. Kanisa dogo la Mtakatifu Tudno, aliyeupa mji jina lake, liko upande wa pili wa mlima, na Jumapili za majira ya joto, hali ya hewa ikiruhusu, ibada hufanyika nje katikati ya makaburi, bahari ikionekana chini.

Kuhusu baridi, nisikufiche. Agosti ndio mwezi wao wa joto, na bado mchana mara nyingi hauzidi nyuzi 20. Chukua sweta, koti jepesi lisilopenyeza maji wala upepo, na leso ya kufunga kichwani. Kofia ya ukingo mpana iache Kisumu, kwa kuwa itaishia baharini. Jua nalo huchelewa: katikati ya Agosti huzama karibu saa tatu kasorobo usiku, kwa hiyo usingoje giza ndipo ukumbuke chakula.

Chakula chenyewe ni samaki wa baharini asiye na mfupa, aliyepakwa ute wa unga na kukaangwa, pamoja na chipsi nene zilizonyunyiziwa chumvi na siki. Aliyezoea kumla mbuta au ngege mzima kwa ugali pale Lwang'ni, akianzia kichwani, atamwona samaki huyu kuwa mpole mno. Mle akiwa moto, naye anakubalika. Hatari ni shakwe. Ndege hawa wa ufuoni ni wakubwa kuliko unavyodhani, wana mdomo wa manjano wenye doa jekundu, na hutoka nyuma ya bega, si mbele. Kaa benchi lenye ukuta au kibanda nyuma yake, au kula ndani ya mkahawa.

Kutoka Wrexham mtapitia Chester, kisha mtafuata reli ya pwani hadi Llandudno Junction, ambako treni nyingine ndogo huingia mjini ikiwa yenu haiendi moja kwa moja. Kaa upande wa kulia baada ya Chester, kwa sababu kwa sehemu kubwa ya njia bahari iko upande huo, pamoja na mitambo ya upepo ya Gwynt y Môr, 160 kwa idadi, iliyosimikwa baharini kwenyewe. Ikiwezekana nendeni siku za katikati ya wiki, kwa kuwa Agosti ni likizo ya shule na nyumba za wageni hupandisha bei mwisho wa wiki. Na ukiongea na wenyeji usiwaite Waingereza. Ni watu wa Wales, wana lugha yao, na utaiona kwenye kila kibao.

SWALI: Mhariri, ninatarajia kwenda kusoma katika chuo kikuu cha Bangor, Wales, mwezi wa Septemba. Rafiki zangu hapa Nakuru wananicheka kwamba ninaenda mahali ambapo miji yake ya ufuoni imechakaa na kufa, eti wenyewe siku hizi huenda Uhispania. Je, ni kweli? Na mwanafunzi asiye na pesa nyingi anaweza kufaidi nini? – *Mwanafunzi Mtarajiwa, Nakuru*

JIBU: Mdogo wangu, rafiki zako wamesema nusu ya kweli. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970, safari za ndege zikiwa rahisi, familia za Uingereza zilianza kwenda kutafuta jua la uhakika Uhispania, na miji mingi ya ufuoni ikapoteza wageni wake. Kwenye reli hiyohiyo ninayomwelekeza Mwalimu hapo juu utapita Rhyl, ambako gati lilibomolewa mwaka 1973, na Colwyn Bay, ambako gati la zamani lilifumuliwa mwaka 2018 na badala yake kuna kipande kifupi tu. Llandudno ulisalimika kuliko jirani zake. Mimi ninaamini sababu mojawapo ni kwamba ardhi kubwa ilibaki mikononi mwa familia moja ya Mostyn, iliyoweka masharti tangu mwanzo juu ya upana wa barabara na sura ya majengo, na haikuruhusu vibanda vya biashara kutapakaa kando ya bahari. Unaweza kuupinga umiliki wa namna hiyo, na mkaazi wa Nakuru anayejua historia ya mashamba makubwa ya Bonde la Ufa ana haki ya kuupinga, lakini matokeo yake kwa macho hayafichiki.

Kwako wewe mambo mengi ni ya bure. Kutoka Bangor hadi Llandudno Junction ni safari fupi ya treni. Barabara inayouzunguka Great Orme, ya kilomita 8 hivi, iliyokamilika mwaka 1878, hutozwa ada kwa magari, lakini mwenye miguu yake hupita bila kulipa, akiwa na genge la mawe upande mmoja na bahari upande wa pili. Shuka pia Conwy, ambako ngome aliyoijenga Mfalme Edward wa Kwanza kati ya mwaka 1283 na 1287 bado imesimama mlangoni mwa mto.

Jihadhari na kitu kimoja tu, ufuo wa magharibi. Huo ni mtulivu, una mchanga mwingi, na milima ya Eryri huonekana ng'ambo. Maji yakipwa, mchanga huo hutandaa mbali sana, na kijana mwenye simu ya kupiga picha huvutwa aendelee mbele. Maji yakirudi hayaji kwa mstari kutoka mbele yako. Huingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako na kuliacha fungu la mchanga ulilosimama likiwa kisiwa. Anza kurudi kabla ya saa ya maji kupwa kabisa, na ukimwona mtu amezingirwa piga 999 uombe walinzi wa pwani. Mashua ya uokoaji ya Llandudno imekuwapo tangu mwaka 1861, na mabaharia wake wengi ni watu wa kujitolea wanaoacha kazi zao wakiitwa. Usiwaite kwa mchezo.

SWALI: Mhariri, ndugu yangu anaishi Cardiff na ametualika mimi na watoto wangu watatu, wa miaka 7, 10 na 13. Wakubwa wawili wanajua kuogelea, walijifunza katika bwawa la hoteli hapa Kakamega. Ndugu yangu anasema ufuo wa karibu unaitwa Barry Island, ila amenitumia picha na maji yanaonekana machafu kama ya mto wakati wa mvua. Je, niwaruhusu waingie? – *Baba wa Watatu, Kakamega*

JIBU: Baba, Barry Island ni karibu nusu saa kwa treni kutoka Cardiff, na licha ya jina lake si kisiwa tena tangu bandari ya makaa ya mawe ilipojengwa hapo katika miaka ya 1880. Familia za wachimba makaa wa mabonde ya Wales Kusini zilikuwa zikishuka huko kwa maelfu katika likizo yao ya kiangazi, na hadi leo ni mahali pa bembea, chipsi na kelele za watoto kuliko pa ukimya. Ufuo wake mkuu, Whitmore Bay, ni wa mchanga mzuri.

Rangi ya maji isikutishe. Kupwa na kujaa katika Mlango wa Bristol, yaani mkono wa bahari ulio mbele ya ufuo huo, ni miongoni mwa kukubwa zaidi duniani, kwa bamvua tofauti hupita mita 10, na maji yanayokwenda kasi hivyo hayaachi matope yatulie chini. Ubora wa maji hupimwa, na matokeo hubandikwa kwenye ubao ufuoni; usome, hasa kama kumenyesha mvua kubwa. Kichocho, ambacho mtu wa ziwa letu hukihofia, hakimo katika maji ya chumvi.

La kuogopa ni baridi. Bwawa la Kakamega halikuwaandaa wanao kwa maji ya nyuzi 16 au 17, ambayo ndiyo joto lao la kiangazi. Mtu akiruka ghafla ndani ya maji hayo, kifua humbana, hupumua kwa kuhema bila kujizuia, na hapo ndipo waogeleaji hodari humeza maji. Hali hiyo hupungua baada ya dakika moja hivi. Waingie polepole, kwanza miguu, halafu wajirashie maji usoni na shingoni. Wafundishe mapema kwamba wakishikwa na hofu wasipigane na maji, bali walale chali, kichwa kikiwa nyuma na masikio majini, waelee hadi pumzi zirudi, ndipo waite au waogelee.

Majira ya joto kuna waokoaji ambao huweka bendera za rangi nyekundu na njano. Waogelee kati ya bendera hizo mbili tu, na bendera nyekundu tupu ikipanda hakuna kuingia. Maboya ya kupulizwa ya umbo la bata na mamba yanayouzwa madukani usiyanunue kwa ajili ya baharini, kwa kuwa upepo unaotoka nchi kavu huyapeleka kina kirefu mtoto akiwa juu yake anacheka. Wavae viatu vya maji, maana kuna samaki mdogo mwenye miiba ya sumu anayejifukia mchangani maji yakiwa mafupi, na akimchoma mtu tiba ya kwanza ni kuutia mguu katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia. Huyo wa miaka 7 asipite maji ya magotini, nawe uwe umesimama ndani ya maji karibu naye, si ufuoni na simu mkononi.